Darubini Iliyoachwa Darajani

"Nipe neno moja tu, Afande, nihamishie watu wangu wote mtoni," alisema mkuu wa waokoaji. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo, na wenzake walimwita Kamba. "Kila tunavyozungumza, maji yanazidi kumsogeza."

Inspekta hakumpa neno hilo. Alikuwa amekaa kwenye meza ya kona barazani, mahali ambapo wageni wa loji hunywa chai ya asubuhi wakitazama ndege. Mezani palikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko darubini nyeusi ya macho mawili yenye mkanda wa kitambaa cha buluu. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini msitu ulikuwa bado unadondosha maji, kila jani likimpokeza jirani yake.

"Mliikuta wapi hasa?"

"Darajani, alfajiri. Imening'inia kwenye ukingo wa mbao, na chini yake mto umefura kama unga wa maandazi. Mama mtu mzima, yuko peke yake, anainama kutazama ndege, mguu unateleza. Hesabu hiyo haitaki kalamu."

"Ukiwapeleka wote mtoni, msituni anabaki nani?"

"Habaki mtu. Nilio nao ndio hawa unaowaona."

"Na kama yuko msituni, amevunjika mguu, tutakuwa tumemzika huku tunamtafuta."

Kamba alitazama kikombe kilichokuwa mbele ya Inspekta. Kilikuwa kikitoa mvuke. "Chai hiyo ikipoa, naondoka. Ukinikataza, uandike wewe kwamba umenikataza."

"Nitaandika."

Aliyekuwa akitafutwa ni mkunga mstaafu. Watoto wake walimchangia likizo, wakamwuliza anataka kwenda wapi, akasema anataka msitu wenye ndege wengi na asiongozane na mtu. Jana asubuhi alitoka na mwongozaji wa loji. Chakula cha mchana kikapoa, cha jioni kikapoa, na ndipo polisi walipoitwa.

Inspekta alivaa glavu, akaitoa darubini, akaielekeza kwenye mti ulio ng'ambo ya uwanja. Aliona vivuli vyeusi vikielea kushoto na kulia, na katikati kipande kidogo cha mwanga. Akaisogeza, akaibana machoni. Vivuli vikazidi.

"Hii mbovu," alisema.

"Hebu lete, Afande." Koplo wake, kijana mrefu aliyevaa miwani mizito kama vitako vya glasi, alivaa glavu zake, akaipokea na kuiweka juu ya miwani ile ile. "Mbovu wapi? Mimi naona hadi mdudu juu ya jani."

"Mdudu gani?"

"Hajajitambulisha."

Inspekta hakucheka. Alimtazama Koplo, akaitazama miwani yake, kisha akainuka. "Niitie Meneja. Mwambie aje na darubini ya loji, ile wanayoazimisha wageni."

Meneja alikuja mbio, shati limemtoka nje ya suruali. Naye alikuwa na miwani. Alipoulizwa ni kwa nini mtu mmoja aone na mwingine asione, alionekana kufarijika kupata swali alilolijua.

"Ni hivi vikombe vya mpira, hapa jicho linapokaa. Vinazunguka. Usipokuwa na miwani unavipandisha, ili jicho likae mbali kidogo na kioo. Ukiwa na miwani unavishusha mpaka chini, maana miwani yenyewe imekwisha chukua nafasi." Aliigeuza ya loji ili aonyeshe. Vikombe vililia *ta, ta* vikipanda.

"Vinaweza kushuka vyenyewe? Mvua, au ikigonga mbao?"

"Havishuki. Umesikia vinavyobana."

"Na mwenye darubini yake huvibadilisha mara kwa mara?"

"Abadilishe kwa ajili ya nani? Ukishaipatia macho yako, huigusi tena. Hawa wapenda ndege hawaazimani darubini, Afande. Afadhali akuazime mswaki." Alisukuma miwani yake juu ya paji la uso, akaweka darubini machoni, akatazama uwanjani kidogo kisha akairudisha. "Iko sawa hii."

Inspekta aliona ile miwani ikipanda kichwani.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mimi? Nilikwenda mjini kuchukua mitungi ya gesi, na Mpishi, kwenye gari la loji. Tulirudi wakati mgeni wetu tayari... Kwani kuna nini?"

"Nauliza kila mtu. Ahsante."

Chumba cha mkunga kilikuwa cha pili kutoka mwisho. Mdogo wake, mama mnene mwenye sauti nene, alikuwa amefika kabla hapajakucha kwa gari la kukodi, na tangu alipofika alikuwa akikunja nguo ambazo zilikwisha kunjwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiniambie habari za mto. Yule mwenye mabega amekwisha niambia, nikamfukuza."

"Sijaja na habari, nimekuja na swali. Dada yako anavaa miwani?"

"Ya kusomea tu, ile pale kwenye mto wa kitanda." Ilikuwa juu ya mto, imekunjwa mikono. "Lakini kwa mbali, yule humfichi kitu. Tulipokuwa wadogo nilikuwa nikilamba sukari jikoni, yeye ananiona kutoka kisimani. Alikuwa na macho..." Akaipiga kanga aliyoishika. "Ana macho. Usinifanye niseme alikuwa."

"Hujasema, Mama. Akitazama ndege, anatazama na miwani?"

"Hata siku moja. Mimi ndiye niliyemsindikiza kununua hiyo darubini. Aliijaribu dukani mpaka muuzaji akataka kulia."

Inspekta alizunguka chumba. Koti la mvua halikuwepo. Viatu vya mjini vilikuwa chini ya kitanda, buti hazikuwepo. Nyuma ya mlango palikuwa na kulabu ya chuma, na juu yake kibao kidogo: *Kigoda cha mgeni. Tafadhali kirudishe.* Kulabu ilikuwa tupu. Alimtuma Koplo chumba cha jirani, naye akarudi na kigoda cha kukunja, chepesi, cha turubai ya kijani.

"Kila chumba kinacho, Afande. Hiki tu ndicho hakina."

"Mwanangu," mdogo wa mkunga aliita walipofika mlangoni. "Yule mtu amezalisha nusu ya mtaa wetu. Wengine hata hawajui kuwa mkono wa kwanza kuwashika hapa duniani ulikuwa wake. Mtafute kama mama yako."

"Namtafuta kama yeye, Mama. Hiyo ndiyo kazi."

Mwongozaji alikuwa stoo, amekaa juu ya kreti la soda, buti zake zimejaa matope hadi magotini. Alizunguka msituni usiku kucha pamoja na waokoaji. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Kaa. Jana asubuhi ulimpeleka wapi?"

"Njia ya mtoni, Afande. Alitaka kubaki peke yake, nikamwacha."

"Mlikuwa mkitembea au mlikaa?"

"Tulitembea."

"Na kigoda alibebea nini?"

Mwongozaji alitazama matope ya buti zake.

"Anayekwenda kutembea habebi kiti. Anayebeba kiti anajua kuna mahali pa kukaa na kitu cha kusubiri. Mlikuwa mnasubiri nini?"

"Haina maana tena, Afande." Sauti yake ilikuwa chini. "Alitoka pale mwenyewe, akaenda mtoni. Darubini imekutwa huko."

"Alitoka wapi?"

Mwongozaji alitazama mlango wa stoo.

"Unamficha nani?"

"Simfichi mtu," alisema, akajipangusa uso kwa mkono. "Ni kiota. Cha hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa."

Koplo alifungua mdomo, Inspekta akamtazama, akaufunga.

"Mama ndege amejiziba ndani ya mti, Afande. Anaingia kwenye shimo, anajijengea ukuta wa udongo mlangoni, anaacha ufa wa kupitisha mdomo tu. Anakaa humo na mayai, na watoto, hatoki. Kila wanachokula kinaletwa na baba. Baba akiogopa asije, wote wanakufa njaa humo ndani. Mwaka jana nilionyesha watu kiota kama hicho. Wakaja wengi, na taa za kamera, na makelele. Baba akaacha kuja. Niliapa sitaonyesha tena. Ila huyu Mama Mkunga, nilivyomweleza tu, aliniambia, 'Mwanangu, mimi nimekaa nje ya milango ya wazazi maisha yangu yote.' Nikampeleka. Akaniahidi hatamwambia mtu, nami nikamwahidi hivyo hivyo."

"Na alipopotea?"

"Nilitaka kusema! Wallahi, Afande. Nilikwenda kumchukua mchana kama tulivyopatana. Hakuwepo kwenye gogo tulipoweka kigoda, wala kigoda chenyewe. Nikadhani amerudi mwenyewe. Usiku tulipoanza kutafuta nikawa najitenga na wenzangu, nazunguka upande ule peke yangu. Asubuhi ikapatikana darubini. Nikasema, basi, alikwenda mtoni. Kutaja kiota kutamsaidia nani?"

"Sikiliza vizuri. Hakuipeleka yeye darajani. Aliyeitumia mwisho alivishusha vikombe, anatazama na miwani, na Mama Mkunga hatazami nayo."

Mwongozaji aliinuka kwa ghafla hata kreti likapinduka, chupa zikagongana.

"Ulipokwenda mchana, ulimwita?"

"Nilimwita."

"Kwa nguvu?"

"Pale hatupigi kelele, Afande. Nilimwita kwa sauti ya chini."

"Kando ya gogo pana nini?"

"Genge la korongo," alisema.

Inspekta alikuwa amekwisha fika mlangoni. "Koplo, mwambie Kamba aache maboti achukue kamba. Na machela." Akageuka tena kwa mwongozaji. "Nani mwingine alikijua kiota?"

"Hakuna. Mpiga picha wa chumba cha mwisho alinibembeleza wiki nzima nimwonyeshe hondohondo akiwa kiotani. Nilimwambia msimu umepita."

"Alikuamini?"

"Alicheka."

Mpiga picha alikuwa barazani, amepanga lenzi zake juu ya taulo, akizifuta moja moja kwa kitambaa laini. Alikuwa mtu nadhifu mwenye miwani ya fremu nyembamba. Inspekta alivuta kiti, akampa darubini ya loji. Vikombe vyake vilikuwa juu, kama Meneja alivyoviacha.

"Nisaidie, wewe ni mtu wa vioo. Yule juu ya paa la jiko ni ndege gani?"

Mpiga picha aliipokea. Kabla hajaiinua, vidole vyake vilizungusha vikombe, *ta, ta*, vikashuka mpaka chini, kimoja baada ya kingine, bila yeye kuvitazama. Kisha akaiweka juu ya miwani.

"Njiwa tu wa kawaida," alisema.

"Ahsante. Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Nilikuwa nachagua picha."

"Mtu aliyekuona?"

"Mtu akichagua picha anatazamwa na nani?"

"Kweli. Vaa buti zako, tutatoka pamoja."

Aliweka lenzi chini taratibu. "Nimekamatwa?"

"Hata kidogo. Umealikwa matembezi. Si ulikuja kwa ajili ya ndege?"

Kwenye ngazi Koplo alimsogelea Inspekta sikioni. "Afande, lakini na Meneja ana miwani."

"Meneja huipandisha kichwani akitaka kutazama. Mwenye tabia hiyo havishushi vikombe, hana haja. Huyu amevishusha hata bila kufikiri. Na Meneja alikuwa na Mpishi na mitungi ya gesi. Tembea."

Chai yake ilikuwa bado mezani, imepoa kabisa. Kamba aliipita bila kuiangalia, kamba zake mbili begani.

Njia ya kwenda kwenye kiota haikuwa njia. Mwongozaji alitangulia akiinamia matawi, nao wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, mpiga picha katikati, Koplo nyuma yake. Walipofika kwenye gogo kubwa lililoota ukungu wa kijani, mwongozaji aliinua mkono wakasimama. Mbele yao, juu ya mti mnene kuliko yote, palikuwa na shimo lililozibwa kwa udongo wa kahawia, na ufa mwembamba katikati.

Kigoda hakikuwepo. Inspekta alilizunguka gogo, akaenda polepole kuelekea mtini. Mwongozaji hakumfuata, jana pia hakulipita gogo. Karibu na shina palikuwa na tawi lililokatwa kwa mkasi, kovu lake bado jeupe. Tawi la pili lilikuwa limekatwa nusu, likaachwa linaning'inia. Lingekatika lote, mtu mwenye kamera angeuona ule ufa wote wazi. Na mvua, na jua, na kila mwewe apitaye, pia vingeufikia.

"Ulikuwa unampunguzia nywele nani hapa?" alimwuliza mpiga picha.

"Sijui unasema nini."

Hatua chache kutoka hapo ardhi iliishia. Majani ya ukingoni yalikuwa yamelala kuelekea chini, mvua imeyaosha lakini haikuyainua. Chini kulikuwa na gugu juu ya gugu, na sauti ya kijito mahali pasipoonekana.

"Ulisimama wapi ulipotazama?"

"Nimesema sijui."

Kamba alikwisha jaza kifua hewa ili aite. Inspekta alimshika mkono.

"Ngoja. Tukiita, tutasikia sauti zetu wenyewe. Mtu aliyelala huko tangu jana hana nguvu ya kushindana na kifua chako."

"Sasa tufanye nini, Afande, tumnong'oneze?"

"Tufanye kama wanavyofanya wao. Wote mchuchumae. Asipumue mtu kwa kelele."

Wakachuchumaa. Wanaume wenye makoti ya rangi ya chungwa, wenye buti na nyundo na kamba, walijikunja kwenye magugu kama watoto wanaojificha. Mwongozaji alionyesha juu kwa kidevu. Mabawa yalisikika kabla ya ndege kuonekana, yakivuta hewa kama mtu anayepuliza moto. Baba alitua juu ya tawi, akawatazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akawatazama kwa la pili. Kisha akaurukia ukuta wa udongo, akautia mdomo kwenye ufa, tunda baada ya tunda. Ndani, kitu kilipokea. Akaondoka.

Ndipo waliposikia. Jiwe juu ya jiwe. Mara moja, kimya, halafu tena. Lilikuwa dogo na la chini sana, kama mtu anayegonga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Ee Mungu," alisema Kamba, na tayari alikuwa akifunga kamba kwenye shina.

Mpiga picha alikuwa amekaa chini kabisa. "Alikuwa hatikisiki," alisema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. "Niliwafuata kwa nyuma, nilitaka kukata matawi mawili tu. Alikuja kunishika mkono, tukavutana mkasi, akateleza. Sikumsukuma. Darubini yake alikuwa ameitundika pale. Niliichukua nikatazama chini, nikatazama vizuri. Alikuwa hatikisiki. Angekuwa hai ningeita watu. Nilijua amekwisha kufa, nikakificha kigoda chake maguguni, sasa kuna haja gani ya..."

"Ya kututoa hapa ukatupeleka mtoni," alimalizia Inspekta. "Koplo, kaa naye."

Kamba alishuka na mwenzake mmoja. Kwa muda mrefu juu hawakuona ila kamba ikikaza na kulegea. Walimsikia Kamba akisema, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, "Nipo, Mama, nipo." Kisha wakasikia sauti ya pili, kavu, ikitoa amri: mguu usishikwe hapo, ushikwe hapa, na wasivute wote kwa pamoja, wasubiri aseme.

Walivuta aliposema.

Machela ilipofika juu, mkunga alikuwa mweupe kwa baridi, midomo imepasuka, mguu wa kulia umefungwa kwa fimbo na kipande cha koti lake mwenyewe. Alifunga yeye. Macho yake yalimpata kwanza mwongozaji, aliyekuwa amepiga magoti kando.

"Umewaambia."

"Nimewaambia, Mama. Nisamehe."

"Ulichelewa, mwanangu," alisema, akamshika mkono, hakuuachia.

Inspekta aliinama karibu. "Mama, mimi ni polisi. Sitakuchosha. Jambo moja tu, mengine hospitali. Yule pale anasema hakukusukuma."

Mkunga aligeuza kichwa polepole mpaka akamwona mpiga picha.

"Ni kweli, hakunisukuma. Niliteleza."

Mpiga picha alishusha pumzi ndefu, akainua uso.

"Anasema pia alitazama chini akakuona hutikisiki. Ndiyo sababu akaondoka."

"Hapana," alisema mkunga. "Alisimama pale juu akinitazama, muda mzuri tu. Nami nilimwona vizuri kabisa. Nikampungia mkono." Alimeza mate. "Alipoondoka nikafurahi. Nikadhani anakimbilia kuita watu."

Inspekta, bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma, na Koplo akamwekea pingu kiganjani.